Kampuni imeniandikia SQL Server kwenye CV na siijui. Usaili ni Alhamisi, nifanyeje?

waya_na_seva (Dar es Salaam)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wazima, maana nimebanwa na muda ni mfupi.

Mimi ni fundi wa mtandao. Kazi zangu nyingi ni ruta za MikroTik, kuvuta kebo, kufunga swichi na kamera, na seva za Linux kwa ofisi ndogondogo za Kariakoo na Mikocheni. Proxmox, programu ya kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja, naifahamu vizuri, kuna wateja wanaitumia hadi leo na mimi ndiye niliyewafungia. Sina ajira ya kudumu. Naishi kwa mikataba mifupi, mwezi huu hapa, mwezi ujao kule.

Wiki iliyopita nilipigiwa na kampuni inayowatafutia watu kazi za TEHAMA. Kuna hospitali binafsi ina seva mbili za ESXi 6.7, programu ya VMware inayofanya kazi kama ya Proxmox, toleo ambalo VMware waliacha kulihudumia Oktoba 2022. Tena tangu Broadcom waichukue VMware mwishoni mwa 2023, zile leseni za kununua mara moja zimeondolewa, sasa ni kulipia kwa kipindi. Hospitali imepiga hesabu ikaona bora ihamie Proxmox. VM, yaani seva zinazoishi ndani ya programu hiyo, ziko saba, tano kati ya hizo ni Windows. Mbili ni seva za domeini (zinazosimamia akaunti za watumiaji na kompyuta), na moja ndiyo imebeba mfumo wote wa hospitali juu ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft: mapokezi, maabara, duka la dawa, madai ya NHIF, vyote vinapita humo. Mkataba ni miezi 3, milioni 2.5 kwa mwezi.

Tatizo ni CV. Kampuni walinirudishia niipitie kabla haijaenda kwa mteja, nikakuta mistari miwili ambayo si yangu. Mmoja unasema nina uzoefu wa miaka 4 wa kusimamia SQL Server. Wa pili unasema nimewahi kuhamisha seva za Windows kwenye hospitali. SQL Server nimeifungua kuiangalia tu, sijawahi kuisimamia. VM ya Windows nimehamisha ya majaribio, nyumbani. Nilipomuuliza dada anayeshughulikia faili langu akasema kila mtu anaandikiwa hivyo, nikifika pale nitajifunza. Na CV ilishatumwa.

Nina mtoto anaingia darasa la kwanza Januari na hii ndiyo kazi kubwa niliyoitwa mwaka huu. Nimwambie mteja kabla, nimwambie siku ya usaili, au ninyamaze nisome usiku na mchana mpaka niiweze?

Chapa_Kazi

Mkuu usijitie hofu, chukua kazi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hakuna fundi hapa Dar aliyeanza anajua kila kitu, na mteja hasomi CV mstari kwa mstari, anataka kazi iishe. Tafuta jamaa wa SQL, mpe laki 3, aingie kutoka mbali kwa AnyDesk usiku ukiwa pale kwenye chumba cha seva. Asubuhi kila kitu kiko sawa na jina ni lako. Ukisema hujui, kesho yake anaitwa mwingine ambaye naye hajui ila amenyamaza.

mama_wa_bakapu (Moshi)

Mdogo wangu, mimi nakaa upande wa pili wa meza unayoiendea Alhamisi. Nasimamia TEHAMA hospitalini, na watu wa mikataba mifupi nimewapokea wengi. Acha nikueleze yanayotokea kwetu mkishasaini, kwa sababu nyinyi mnaondoka mkataba ukiisha na mengine hamyaoni.

Hospitali haifungi milango. Tukitaka kuhamisha seva tunapewa Jumamosi saa nne usiku mpaka Jumapili saa kumi na moja alfajiri, na muda wote huo mapokezi wanaandika kwa mkono, maabara wanaandika kwenye daftari. Ndiyo maana huwa nashtuka nikisikia mtu akiambiwa "utajifunza ukifika." Atajifunza saa ngapi? Miezi 3 ikiwa kwenye karatasi inaonekana mirefu, lakini saa ambazo mfumo unazimwa na kuguswa ni chache mno, na ndizo saa zenyewe ulizoajiriwa kwa ajili yake.

Kuna kijana tuliletewa na kampuni ya aina hiyohiyo. CV yake ilisema SQL Server miaka 6. Alikuwa na bidii na adabu, hilo siwezi kumnyima. Siku moja diski ya seva ikajaa, kwa sababu faili la logi la hifadhidata lilikuwa limevimba kuizidi hifadhidata yenyewe. Hilo ni jambo la kawaida kabisa: hifadhidata iko kwenye hali ya FULL (inatunza kila badiliko kwenye logi hadi bakapu ya logi ichukuliwe) na hakuna bakapu, yaani nakala ya akiba, ya logi inayochukuliwa, kwa hiyo logi haipati nafasi ya kujisafisha. Anayeijua SQL Server anachukua bakapu ya logi, anapunguza faili, anaweka ratiba ili lisirudi, anakwenda kunywa chai. Yeye alisimamisha huduma akalifuta lile faili la .ldf, kama mtu wa Linux anavyofuta logi za zamani kwenye /var/log. Alipowasha, hifadhidata ikaandika RECOVERY PENDING na haikufunguka tena. Tulirudi kwenye bakapu ya siku tatu nyuma. Wataalamu wa maabara walikaa na madaftari wakiingiza upya majibu ya wagonjwa, jina kwa jina, namba kwa namba, huku foleni dirishani haipungui.

Faili kufutwa linaumiza, lakini kilichoniuma zaidi nilikiona kwenye muda wa matukio. Tangu diski ijae hadi afute faili ilipita zaidi ya saa nzima. Saa nzima amekaa peke yake na ile skrini, na mimi nilikuwa ghorofa ya juu, simu mkononi. Hakunipigia. Nilipomuuliza baadaye aliniambia ukweli, na namheshimu kwa hilo: angeulizaje kitu ambacho mtu wa miaka 6 anatakiwa akijue? Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ile CV ilikuwa imemnyang'anya haki ya kuuliza. Angeniambia siku ya kwanza "SQL siijui, nikikutana nayo nitakuita," angeniita, tukampigia mwenye mfumo, na usiku ule ungepita kama usiku mwingine.

Kwa hiyo hofu yangu kwako haiko kwenye kutojua. Kutojua kupo kwa kila mtu. Hofu yangu ni wewe uingie mahali ambapo huwezi kuuliza.

Sasa tuje kwenye pengo lako, maana umeandika mawili na hayafanani. Kuhamisha VM ya Windows kutoka ESXi kwenda Proxmox ni kitu utakachojifunza kabla hujaanza kazi. Proxmox unaijua. Pakua Windows Server ya majaribio, inakaa siku 180, ihamishe nyumbani hadi uchoke. Utakutana na ile skrini ya bluu inayosema haioni diski ya kuwakia, kwa sababu Windows haina draiva za VirtIO, zile zinazoiwezesha kuziona diski za Proxmox. Utajifunza kuziweka draiva mapema, kisha kuiongezea VM diski ndogo ya pili ya VirtIO SCSI ili Windows iipakie ile draiva, ndipo ubadilishe diski kuu. Na ukikosea, VM haiwaki, unajua papo hapo, unarudi kwenye ya zamani ambayo bado iko palepale kwenye ESXi. Pengo la namna hiyo unaweza kulitamka bila aibu: sijafanya kazini, nimefanya majaribio, haya hapa niliyoyaona.

SQL Server ni jambo jingine, kwa sababu huko ukikosea hutajua kuwa umekosea. Bakapu inachukuliwa kila usiku na inaandika kuwa imefanikiwa, kumbe hakuna aliyewahi kuirejesha. Kurasa za hifadhidata zinaharibika polepole na mfumo unaendelea kufanya kazi hadi siku mtu afungue faili la mgonjwa fulani. Mgeni wa kitu hicho hana jicho la kuona dalili. Kwa hiyo usiahidi kukijua baada ya wiki mbili za kusoma usiku, hata kama una akili nyingi.

Lakini soma tena kazi yenyewe. Wanataka kuhamisha VM. Ile VM ya mfumo ikizimwa vizuri na kuhamishwa nzima, SQL iliyomo ndani haijui hata kama imehama. Kinachohitajika ni mtu anayeijua achukue bakapu kamili kabla, airejeshe mahali pengine ili kuthibitisha kuwa inarudi, aendeshe DBCC CHECKDB, amri ya kukagua kama hifadhidata ni nzima, kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja. Na hospitali nyingi zina mkataba wa matengenezo na kampuni iliyowauzia mfumo, kwa hiyo mtu huyo huenda tayari analipwa. Sehemu kubwa ya kibarua hiki ni yako kwa haki. Kilichokuzidi ni kipande kimoja chenye mipaka inayoonekana, na unaweza kukichora mbele yao.

Ndugu Chapa_Kazi, kwa heshima zote, la AnyDesk silikubali. Huyo rafiki wa usiku ataona majina ya wagonjwa, vipimo vyao, magonjwa yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Kumfungulia mlango mtu ambaye hospitali haimjui ni kosa zito kuliko lile la CV, na litakuwa limefanyika kwa akaunti ya huyu kijana. Na hata CV yenyewe si ya kupuuza: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba uliopatikana kwa udanganyifu au maelezo yasiyo kweli unaweza kubatilishwa na yule aliyedanganywa. Kampuni ndiyo iliyoandika, lakini jina lililo juu ya karatasi ni lake.

Na hilo la kuitwa mwingine aliyenyamaza, ni kweli hutokea. Mimi mwenyewe nikikaa kwenye jopo, akija mtu akaniambia anachokijua, asichokijua, na namna kazi itakavyokwenda licha ya hicho asichokijua, simuachi. Wakuu wengine wa TEHAMA hawako hivyo, najua. Kwa mkuu wa namna hiyo sitaki uwe peke yako kwenye chumba chake cha seva saa tisa usiku.

rafiki_wa_ruta (Nairobi)

Naunga mkono dada wa Moshi. Naongeza la karatasi tu. Usiache jambo hili libaki kwenye maneno ya usaili, kwa sababu anayekusaili si lazima awe ndiye atakayekulaumu. Hakikisha kwenye mawanda ya kazi kuna sentensi inayosema waziwazi nani anashika hifadhidata, nani anathibitisha bakapu, na kwamba wewe hugusi SQL bila mtu huyo kuwepo. Nimeona mikataba huku kwetu ambayo imeandikwa "matatizo yote ya seva" na fundi wa mtandao akajikuta anaulizwa habari ya ripoti za uhasibu.

Jingine, ukiweza, omba malipo yaende kwa hatua: VM za Linux zikihama, seva za domeini zikihama, mfumo ukihama. Hapo hata mteja akiamua kipande cha SQL kipewe mtu mwingine, pesa ya kazi yako haiguswi.

waya_na_seva

Asanteni sana. Dada, hiyo habari ya kijana kukaa saa nzima bila kupiga simu imenikaa. Nimeamua kusema. Ila nina maswali mawili. Namwambia nani kwanza, kampuni au hospitali? Nikienda hospitali moja kwa moja kampuni wataniona nimewapita na hawataniita tena. Na nasemaje bila kuonekana nimekuja kuomba kufundishwa?

mama_wa_bakapu (Moshi)

Anza na kampuni, leo, kwa maandishi. Usiwatuhumu, wape njia ya kurekebisha. Kitu kama hiki:

"Habari za kazi. Nimepitia CV iliyotumwa kwa mteja. Mstari wa SQL Server miaka 4 na ule wa kuhamisha seva za Windows hospitalini si sahihi, naomba mtume CV niliyoambatanisha kabla ya Jumatano jioni. Kazi ya kuhamia Proxmox naiweza na niko tayari kwa usaili. Kwa upande wa SQL nitapendekeza kwa mteja namna ya kuigawa kazi."

Hapo umewaheshimu, na una ushahidi kuwa uliwaambia. Wakituma, umemaliza. Wasipotuma, Alhamisi ingia na CV yako mkononi, na kabla hawajauliza swali la kwanza sema: "Naomba nirekebishe jambo moja kwenye CV mliyonayo, kuna mistari miwili isiyo sahihi, hii hapa ndiyo yangu." Sema mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, kisha usilirudie na usiombe radhi mara tatu. Usiisemee kampuni vibaya, wao watajaza wenyewe. Kampuni itakayokususa kwa hilo ingekupeleka pabaya zaidi mara ya pili. Najua ni rahisi kwangu kuandika hivyo wakati ada inakusubiri wewe.

Kuhusu kuonekana unaomba kufundishwa, hilo linaondoka ukija na mpango. Chora VM zote saba kwenye karatasi moja. Onyesha zipi unaanza nazo, ipi ni ya mwisho, kila moja utazima muda gani, ukikwama unarudi vipi. Waambie snapshot zote za VMware (zile za kuhifadhi hali ya VM ili uweze kurudi nyuma) zitaunganishwa na kufutwa kwanza kabla ya kuhama. Waambie tangu 2024 Proxmox ina kifaa chake cha kuvuta VM moja kwa moja kutoka ESXi, na kwamba umekijaribu. Hakikisha umekijaribu kweli kabla ya Alhamisi. Kwenye VM ya mfumo andika: "Bakapu, urejeshaji wa majaribio na CHECKDB: mtaalamu wa hifadhidata, siku chache, atatoka kwa mwenye mfumo au nimlete kwa idhini yenu." Mtu anayekuja na karatasi hiyo hakuna anayemwona mwanafunzi.

Chapa_Kazi

Hiyo ya taarifa za wagonjwa sikuwa nimeifikiria. Mkuu, kama wataridhia uwaletee mtu wa SQL kwa mkataba rasmi, ninaye mmoja mzuri, nitakutumia namba yake pembeni.

waya_na_seva

Nitumie mkuu, nitashukuru. Barua pepe kwa kampuni nimeituma sasa hivi, karibu neno kwa neno kama dada alivyoandika. Proxmox ninayo hapa nyumbani, leo nashusha Windows Server nianze mazoezi ya VirtIO. Kuna kitu kingine kwenye Windows ambacho mtu wa Linux kama mimi nisingejua kukiuliza?

mama_wa_bakapu (Moshi)

Kipo, na kiko kwenye zile seva mbili za domeini. Usizihamishe kama VM nyingine, na kamwe usizirudishe nyuma kwa snapshot kama njia ya kujiokoa. Njia salama ni kufunga seva mpya ya Windows juu ya Proxmox, kuiunganisha kwenye domeini ile ile, kuiacha inakili taarifa zote, kuhamishia majukumu matano ya FSMO (kazi maalumu ambazo kila moja hushikwa na seva moja tu ya domeini), ndipo uzistaafishe za zamani moja moja. Amri ya netdom query fsmo itakuonyesha majukumu yako wapi sasa.

Ila kabla hujataja tarehe yoyote, uliza domeini yao ilianzishwa lini. Kama ilizaliwa enzi za Windows Server 2003 na ikawa inapandishwa tu matoleo, inawezekana folda ya SYSVOL, yenye sera za domeini, bado inanakiliwa kati ya seva kwa FRS, njia ya zamani, na Windows Server 2019 kwenda juu inakataa kabisa kuwa seva ya domeini hapo mpaka wahamie DFSR, njia mpya ya kunakili. Amri ni dfsrmig /getglobalstate. Ikijibu Eliminated, hilo lilishafanyika, endelea na mpango wako. Ikijibu vingine, ongeza wiki mbili kwenye ratiba yako, kwa sababu uhamisho huo unakwenda hatua kwa hatua na ile ya mwisho hairudi nyuma. Waombe waiendeshe mbele yako Alhamisi hiyo hiyo, haichukui hata dakika.